Chumvi ya Mtu wa Jikoni

Kwa Mzee Nsajigwa,
Milimani juu ya Itumba,
Ileje, Songwe.
19 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Sekela,

Shikamoo. Pokea na shikamoo ya pili, ya Gwantwa mke wangu, ambaye amesimama nyuma yangu na mikono yenye unga kuhakikisha kwamba safari hii barua inaandikwa kweli, maana tangu mwezi wa nne nimekuwa nikisema "kesho".

U mzima huko Newala? Magoti yanaendeleaje na zile ngazi za kanisani? Na mzee Raphaeli, bado anabishana na redio? Mwambie namsalimu, na redio yetu huku inamngoja, haijapata wa kuinyamazisha.

Sisi tupo. Baridi ya mwezi huu imetukaba shingo, na kahawa imeiva kwa fujo. Mimi nimenenepa kwa fujo hiyohiyo. Zamani ukiniita Tumbo nilikuwa nakasirika. Siku hizi sina hoja, na mkanda nao umeishiwa matundu.

Sasa habari za Baba. Kwanza kaa chini. Kaka yako hajafa. Naliweka hilo mbele kwa sababu nakufahamu: tulipokupigia kuhusu marehemu mjomba, simu uliitumbukiza kwenye sufuria ya mbaazi. Baba yupo, anakunywa uji, anagomba. Lakini anaumwa ugonjwa ambao hatapona. Ni saratani ya tezi dume, na imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo na nyonga. Hospitali kule Mbeya walitueleza wazi na kwa upole kwamba kuiondoa haiwezekani tena, ila maumivu yanatulizwa, na anaweza kukaa kwake na watu wake.

"Na kahawa yangu ya mwaka huu nitaiona?" Baba akauliza.

Daktari akasema anaamini ataiona.

"Basi twende," akasema, akaanza kutafuta viatu kabla daktari hajamaliza kuandika.

Tukarudi. Ndipo likaja swali ambalo nyumba nyingine hazina: nani amuuguze? Mama hayupo. Watoto wetu wametoka wote. Tumebaki mimi na Gwantwa, na Gwantwa, kama ujuavyo, ni mkwe.

Samahani, Shangazi, niseme jambo unalolijua kuliko mimi. Mwaka 1998, siku ya harusi yangu, ulimfunika Gwantwa khanga mbili kichwani, ukamzungusha nyuma ya nyumba, ukamwonyesha mlango wa jikoni, ukamwambia mbele ya akina mama wote, "Baba mkwe hutamtazama, hutamtaja, njia aliyopita utaiacha, mpaka nije mwenyewe nikufungulie." Kisha ukapanda gari la mzee Raphaeli mkahamia Newala.

Shangazi, hukurudi kufungua.

Wenzetu hufunguliwa mtoto wa kwanza akianza kutambaa. Mtoto wetu wa kwanza, Rozi, sasa anauza vitenge Tunduma na amenizidi kipato. Ulikuja mwaka 2009 kumzika Mama, lakini siku zile tatu nani angekumbuka? Ukalia, tukalia, ukaondoka. Mlango ukabaki umefungwa, na ufunguo uko Newala.

Kwa hiyo kwa miaka ishirini na saba mtu na mkwe wake wameishi uani pamoja bila kuonana uso. Akisikia fimbo ya Baba, Gwantwa anaingia kwenye mibuni. Baba naye akiingia uani hukohoa kama trekta ili apishwe. Wakitaka kusema jambo, walikuwa wanamwambia jogoo. Baba anakaa kibarazani, anamtazama jogoo: "Wewe jogoo, mwambie mtu wa jikoni chumvi imezidi." Gwantwa kutoka ndani: "Jogoo, mwambie mzee wa nyumba nimesikia, kesho nitapunguza." Kila siku ya Mungu, chumvi imezidi. Pasaka iliyopita tukamchinja jogoo kwa ajili ya wageni, bila kufikiri. Tangu siku hiyo kazi yake nimerithishwa mimi.

Basi nikawa muuguzi. Usicheke bado. Siku ya kwanza nilimwogesha Baba kwa maji niliyoyapima kwa kidole chenye sugu, na sugu haijui moto. Akaniuliza kama nataka kumnyonyoa. Uji wangu alisema unafaa kuzibia nyufa. Sweta nikamvalisha mbele nyuma, akashinda hivyo, akawaambia waliokuja kumsalimu kwamba huo ndio mtindo wa sasa wa Tunduma.

Waliotuokoa ni watu wa tiba shufaa. Hospitali ndiyo iliyotuunganisha nao. Nami nilidhani tiba shufaa ni dawa fulani ya kuchua. Kumbe ni watu, kazi yao ni kumfuata mgonjwa asiyeweza kupona mpaka nyumbani kwake, na hata wanaomuuguza hawawaachi. Kituo chao kiko upande wa Mpemba, na kila baada ya Jumatano mbili gari lao linaupanda mlima huu. Anayekuja kwetu ni muuguzi Imelda, mwanamke mfupi kutoka Rombo, sauti yake kama kengele ya shule. Hatuletei pole tu. Ametuletea kiti cha choo, dawa ya maji ya kutuliza maumivu, mafuta ya kupaka mgongoni, na namba ya simu tunayopiga saa yoyote. Nilipiga mara moja kuuliza kama mgonjwa anaruhusiwa ugoro. Hakunikaripia. Alicheka mpaka akakata simu, kisha akapiga tena kujibu.

Siku moja alinifundisha kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya kulala. Akamwomba Baba akae kitini, akaniambia mimi nilale kitandani niwe mgonjwa.

"Sista, hiki kitanda ni cha zamani," nikamwambia.

"Lala, baba. Mgonjwa habishani."

Nikalala. Akanishika bega na goti, akasema "moja, mbili," na kabla ya tatu kitanda kikaachia. Kwenye kitanda kile alizaliwa Baba, nikazaliwa mimi, babu akafia juu yake, nacho kikavunjikia chini yangu siku ya masomo. Baba alicheka mpaka akashika ubavu. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu Mbeya. Kutoka nyuma ya ukuta wa jikoni nikasikia mtu mwingine naye anacheka, amejiziba mdomo kwa khanga.

Maana Gwantwa yuko pale siku zote. Ukuta wa jikoni umegusana na chumba cha Baba, na yeye ameweka kigoda chake palepale. Uji ni wake sasa, nashukuru Mungu. Shuka anafua yeye. Na uuguzi wangu anausimamia kwa kikohozi. Nikimgeuza Baba vibaya, akasikia anaguna, anakohoa mara moja: taratibu. Mara mbili: acha, umekosea, anza upya. Imelda alidhani mama wa nyumba ana kifua, akataka kumpima.

Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi wana mkutano wa wauguzaji kwenye ukumbi wa kanisa. Mtu wao wa kujitolea anakuja kukaa na mgonjwa, wewe unakwenda kunywa chai na wenzako wanaouguza. Nilikuta akina mama kumi na mmoja, na mwanamume ni mimi peke yangu. Wakaniuliza kama nimepotea njia ya kwenda kwenye mnada. Tukafundishana kukanda miguu, tukajaribiana, na mimi nikapewa bibi mmoja aliyesema mikono yangu inamkumbusha jembe. Kisha mtu wa ustawi wa jamii akatuzunguka, mmoja mmoja, akiuliza swali moja tu: "Na wewe unalala?" Akina mama wakajibu vizuri. Aliponifikia, Shangazi, nikafungua mdomo nijibu, nikalia. Mimi, mzee wa kanisa, mwenye kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Bibi wa jembe akanipa upande wa kitenge chake nipengee. Tangu hapo wananiita Mwenyekiti.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Wiki tatu zilizopita niliteremka na magunia kwenye mizani ya ushirika. Nilisema nitachukua saa moja tu. Foleni ikawa ndefu, nikapiga soga, lawama ni yangu. Nyuma huku Baba akajaribu kufikia kiti cha choo peke yake, akaanguka. Nyumbani hakuna mtu ila Gwantwa, na majirani wote wako kwenye kahawa.

Gwantwa alisikia kishindo. Akafika mlangoni, akafumba macho, akapiga kelele za kuita watu. Hakuna aliyesikia. Akajifunika khanga kichwani akaingia kinyumenyume hatua mbili.

Baba akasema kutoka sakafuni, "Nani huyo? Kama ni mtu wa jikoni, arudi. Sekela hajafungua."

Akarudi. Lakini hakuondoka. Akachukua mti wetu wa ndoano, ule wa kuvutia matawi ya kahawa, akasukuma blanketi kwa mti huo, macho pembeni, mpaka likamfikia. Baba akauambia ukuta, "Ukuta, mto nao." Mto ukaja kwa ndoano. Kisha Gwantwa akakaa chini nje ya mlango, amempa mgongo, akaimba. Aliimba nyimbo zote za kitabu cha kanisa anazozijua, na alipozimaliza akaanza za shule ya chekechea, ili mzee ajue kuna mtu. Saa mbili nzima. Nilipofika nilimkuta sauti imekwisha, na Baba sakafuni anamsahihisha ubeti wa tatu.

Hakuvunjika. Lakini kwa siku tatu baada ya hapo hakuniambia nimwambie mtu wa jikoni chochote kuhusu chumvi. Tukaogopa kuliko tulivyoogopa Mbeya.

Jumatano Imelda akaja. Akampima, akaniogopesha kwa uso wake, kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda (tumekipigilia upya) akamuuliza Baba kwa upole, "Mzee wangu, kuna jambo lolote linalokukaa moyoni? Jambo unalotaka liishe?"

Mimi nikakaza masikio. Nilidhani ni mpaka wa shamba.

Baba akasema, "Nataka kumshukuru mtu wa jikoni."

"Mtu gani wa jikoni?"

"Mke wa huyu mnene."

"Jamani, si yupo hapo nje? Tumwite!" Na kabla sijamshika mkono akageukia mlango na ile kengele yake: "Mama Gwantwa! Njoo, mzee anakuita!"

Shangazi, hujawahi kuona. Baba alivuta blanketi akajifunika mpaka juu ya kichwa, vikabaki vidole vya miguu. Jikoni sufuria ilianguka, na kupitia dirishani nikamwona mke wangu akikatiza kwenye mibuni kwa kasi ambayo sijaiona tangu uchumba. Mimi nikasimama mlangoni nimetandaza mikono kama kipa. Imelda akapanda juu ya kiti.

"Nyoka yuko wapi?" akauliza.

Tukamweleza. Akateremka, akakaa, akacheka, akafuta macho, na sijui kama yote yalikuwa ya kucheka. Akaomba radhi kwa Baba, akiongea na blanketi. Mchungaji, ambaye huja nao, akasema kwa utaratibu kwamba Mungu hawezi kukasirika mzee akimwona mkwewe. Blanketi likajibu, "Mchungaji, nakuheshimu, lakini wewe si dada yangu."

"Basi dada yuko wapi?" Imelda akauliza.

Hapo Baba akajifunua. "Newala. Yeye ndiye aliyefunga. Mwandikieni. Mambo ya ukwe hayasemwi kwa simu."

Ndiyo sababu unashika karatasi, Shangazi, na si simu. Na ndiyo sababu nakuomba sasa, kwa magoti yote mawili, ambayo kwa mwili wangu huu si jambo dogo: njoo. Njoo umfungulie Gwantwa. Hahitaji harusi nyingine. Baba atatoa kuku mbele yako, wewe utamtoa khanga kichwani, watatazamana, na kaka yako atasema alichobeba. Mtetea ameshachaguliwa, ni binti wa yule jogoo, yuko chini ya tenga. Anataga kila siku, na mayai yake tumekubaliana nisiyaguse. Nimegusa mawili.

Usiseme "mvua zikianza" wala "korosho zikiisha". Nilimuuliza Imelda nje, pale kwenye gari, Baba ana muda gani. Hakunipa siku. Alisema, "Aliye mbali asisubiri kahawa iishe kuchumwa." Sisi tumeshapita mchumo wa pili.

Na kuna hili, nililigundua juzi. Imelda alipima chupa ya dawa akakuta imebaki nyingi kupita hesabu yake. Akamtazama Baba. Baba akatazama dari. Kumbe kila nikimpa dozi anaishikilia kinywani, nikitoka anaitema kwenye kichupa cha zamani cha sharubati. Anaweka akiba! Anavumilia maumivu yote yale, anasema hiyo ni ya siku atakayokuja Sekela, ili siku hiyo akae wima kama mwanamume. Imelda akamwambia dawa hii haifanyi kazi kama ya kupulizia kahawa, kwamba unaitunza mpaka wadudu waje. Kichupa akakibeba. Akamwapia kwamba siku utakayofika atakuwepo yeye mwenyewe na chupa kamili. Sasa anameza, na ananionyesha ulimi kama mtoto kuthibitisha. Lakini nimekwambia ujue kaka yako anakungoja kiasi gani.

Barua hii anaileta Mwalimu Jonasi, aliyehamishiwa Masasi. Ameahidi kuifikisha mpaka mkononi mwako. Ukishaisoma nipigie kwa neno moja tu, lini. Hilo Baba amesema linaruhusiwa kwa simu. Rozi atakupokea Tunduma na kukuleta. Usibebe nguo nyepesi, huku si Newala.

Nisalimie mzee Raphaeli, wajukuu wote, na yule jirani yako aliyenipa korosho mwaka 2009, mwambie bado namkumbuka na bado nina nafasi tumboni.

Hapo nilikuwa nimefika mwisho, nikamsomea Baba, maana alitaka kusikia kila neno. Aliniambia nifute nilipoandika kwamba anagomba. Sikufuta. Kisha akatazama ule ukuta wa jikoni. Nyuma yake tulisikia kigoda kikilia. Mtu alikuwa anasikiliza.

"Ongeza," akasema. "Mwandikie Sekela, kama nitakuwa nimetangulia kabla hajafika, amwambie mtu wa jikoni hivi. Chumvi haijawahi kuzidi hata siku moja."

Nikamuuliza, "Baba, miaka ishirini na saba?"

"Ningesema nini kingine na mkwe? Nilitaka nimsikie anajibu, nijue siku imeanza na watu wapo. Andika."

Nikaandika. Nikasikiliza upande wa pili wa ukuta. Hakukuwa na kikohozi, wala kimoja wala viwili. Halafu sauti ya Gwantwa ikaja, ya upole, anaiambia sufuria yake:

"Sufuria, mwambie mzee wa nyumba nilijua. Ndiyo maana kila nikisema nitapunguza, nilitia kijiko kilekile."

Baba akageuzia uso ukutani. Nilimgeuza vizuri siku hiyo, bila kukoholewa.

Njoo, Shangazi. Mungu akulinde njiani, ayashike magoti yako kwenye ngazi za basi, umkute kaka yako yuko macho.

Ni mimi mwanao akupendaye, mwenyekiti wa wauguzaji na jogoo wa muda,

Lusungu Nsajigwa